Neno "tu" katika makala ya dawa za mwanga

Mhariri,

Nimeisoma makala yenu kuhusu polima, yaani vitu vya molekuli ndefu kama minyororo, zinazofunguliwa kwa mwanga ili ziachie dawa mahali panapotakiwa, kisha zenyewe ziyeyuke mwilini. Niliirudia mara mbili kwa jinsi ilivyonivutia. Lakini mlipoandika kwamba mgonjwa "atamulikwa tu" na kazi iwe imekwisha, hilo "tu" lilinikereketa.

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Polima ziyeyukazo tunazishika kila siku, maana uzi wa poliglaktini tunaoshonea ni polima ya aina hiyo. Ukishaingia mwilini, maji huanza kuukatakata taratibu, na kwa siku 56 hadi 70 unakuwa umekwisha, umegeuka asidi laktiki na asidi glikoliki ambazo mwili unajua pa kuzipeleka. Hausubiri amri ya mtu. Sasa funga dawa ndani ya polima ya namna hii, uipe na kufuli la mwanga, yaani kifungo cha kikemia kinachokatika kikimulikwa: hapo ni kama una saa mbili za ukutani zinazokimbizana, na ile ya maji imeshaanza kuhesabu wakati taa bado imezimwa. Dawa ikivuja gizani kabla daktari hajamulika, ujanja wote umepotea. Kwa dawa ya kutuliza maumivu pengine tutavumilia. Kwa dawa ya saratani, ambayo inafungiwa kwa sababu hiyohiyo ya kuwa sumu, siwezi kuliita jambo dogo.

Kuhusu mwanga wenyewe, msomaji ajaribu hivi usiku: azime taa, aweke kiganja juu ya tochi ya simu na kukibana sawasawa. Tochi ni nyeupe, lakini kinachojitokeza upande wa pili ni wekundu mtupu. Bluu na kijani zimemezwa njiani, hasa na damu. Kufuli nyingi za kikemia, zile za nitrobenzili kwa mfano, hukatika vizuri kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 365 hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), yaani urujuanimno, mwanga usioonekana uliopita zambarau, ambao haupenyi hata milimita moja ya ngozi na ukizidi hudhuru seli. Mwanga wa nanomita 650 hadi 900 ndio unaozama zaidi, ila nguvu yake ni ndogo, kufuli haitikisiki. Watafiti wamebuni chembe ndogo mno zinazopokea infraredi, mwanga usioonekana uliopita mwekundu, na kuigeuza kuwa urujuanimno palepale ndani. Ni akili kubwa, sibishi. Lakini chembe hizo kwa kawaida hutengenezwa kwa madini adimu, nayo hayayeyuki kama uzi wangu. Polima itaondoka, chembe zitabaki, na makala yenu haikugusia.

Kisha kuna ngozi. Melanini, rangi ya asili ya ngozi, nayo hunyonya mwanga, kwa hiyo taa ileile haifikishi kiasi kilekile kwa kila mgonjwa. Si nadharia. Mwaka 2020 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Michael Sjoding na wenzake kuhusu kipima oksijeni cha kidole, chombo ambacho sisi hukichomeka bila hata kufikiri. Kwa wagonjwa weusi, upungufu wa oksijeni ambao chombo hakikuuona ulitokea karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Chombo hicho hutumia mwanga mwekundu na infraredi, ukoo uleule wa miale inayotarajiwa kufungua dawa hizi. Na majaribio mengi ya polima hizi hufanyiwa panya, mara nyingi walionyolewa manyoya. Kati ya panya wa namna hiyo na mgonjwa mweusi mwenye uvimbe ulio chini ya mafuta ya tumbo, njia ni ndefu.

Simaanishi kwamba mwanga hauna kazi. Daktari wa meno hugandisha ujazo wa jino kwa taa ya bluu ndani ya sekunde chache. Marekani iliidhinisha mwaka 2000 gundi ya polima iyeyukayo ya kuziba hewa inayovuja kwenye pafu, inayogandishwa kwa mwanga wakati kifua kikiwa wazi. Ndiyo maana mimi naona kutibu tishu kutatangulia, na dawa za kumulikwa zitafuata kwa mbali. Penye kidonda kilicho wazi, au jicho, taa inafika bila kuomba njia. Hapo hata haidrojeli, yaani polima laini iliyojaa maji, inayolainishwa kwa mwanga ili seli zipate pa kutambaa, kama ile iliyoelezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado mwaka 2009, ina nafasi nzuri.

Mkirudi kwenye mada hii, naomba mumuulize mtafiti dawa yake ilifunguliwa kwa kina cha milimita ngapi, na chini ya ngozi ya nani. Majibu yake myachape hata yakiwa mafupi.

Muuguzi wa chumba cha upasuaji