Shukrani kwa kaka wa kwenye Coaster ya Arusha–Moshi

Kaka uliyekaa dirishani, ukashuka Boma Ng'ombe kabla sijakuuliza jina: ahsante sana. Ulinisikia nikihangaika kwenye simu na wageni wangu, wanaotaka wakishamaliza Kilimanjaro waende Indonesia, wakodi boti yao wenyewe na mabaharia wake katika Hifadhi ya Taifa ya Komodo. Mimi kazi yangu mlima. Bahari nimeijulia wapi?

Ukageuza risiti ya mafuta ukaniandikia nyuma yake. Safari nyingi zinaanzia Labuan Bajo, kisiwani Flores. Boti ya binafsi bei yake ni ya boti nzima, si ya kichwa. Halafu hili ukalipigia mstari mara mbili: kiingilio cha hifadhi kimo au hakimo? Na askari wa kuwasindikiza kwa wale mijusi wakubwa wa Komodo? Ukaongeza maboya ya kuvaa, maana mikondo ya kule ina nguvu. Kuhusu kile kilima cha kisiwa cha Padar, ulisema kwa watu waliotoka Uhuru ni mteremko tu. Nilicheka mpaka konda akageuka.

Swali lako nililiuliza. Kumbe kiingilio hakikuwemo. Wageni wamelipa wakijua kila kitu. Ukipita Moshi, mtori juu yangu.