Feni za migodi zisizunguke bure

Mhariri,

Kuzungusha feni ya mgodi kwa kasi ileile usiku na mchana ni kuchoma stima bure. Ikifungwa kidhibiti kasi kinachofuata vihisi vya gesi, kasi ikipungua kwa asilimia 20, umeme hushuka karibu nusu. Baruti ikilipuliwa, feni ipande yenyewe hadi moshi uishe.

Ila vihisi navyo vina vituko. Vumbi na unyevu huviziba, vikasoma salama penye sumu. Vijaribiwe mara kwa mara kwa gesi ya kipimo, yaani gesi ambayo kiwango chake kinajulikana. Mawasiliano yakikatika, feni ibaki kwenye kasi kamili, isizime. Na matobo ya bomba la turubai linalopeleka hewa ya feni ndani ya mgodi yazibwe kwanza: hewa ikivujia njiani, kihisi kilicho mwisho wa bomba kitadai kasi zaidi, na stima mliyookoa itapotelea hapo.

Wahandisi wa migodi,
Nairobi