Shangazi, Hukuzembea

Shangazi yangu mpendwa, shikamoo.

Tangu siku ile ulipoinama kuokota kiatu ukasikia kitu kimekatika mgongoni, maneno yako hayajanitoka: "Nimejitakia mwenyewe, maziwa sikunywa." Ulikuwa umekaa ukingoni mwa kitanda, mkono umeshika kiuno, na lile gauni la kijani lililokuwa likiishia kwenye vifundo vya miguu sasa linaburuta sakafuni. Kimo kimekupungua, maumivu yamekuzidi, na juu ya hayo unajitwisha lawama. Naandika hadharani kwa sababu najua hauko peke yako katika ugonjwa huu wa mifupa kudhoofika, osteoporosisi.

Mfupa ni kitu hai. Kila siku kuna seli zinazobomoa sehemu iliyochakaa, huitwa osteoklasti, na nyingine zinazojenga upya, osteoblasti. Kubomoa kishimo kimoja huchukua wiki chache tu, kukijaza huchukua miezi. Wabomoaji wakizidi hata kidogo, wajenzi hawawafikii tena.

Lililonishangaza ni hili: wabomoaji hao ni ukoo mmoja na seli za kinga zinazomeza vijidudu. Wote asili yao ni uboho. Ili wakomae wanahitaji ishara ya protini iitwayo RANKL, na miongoni mwa wanaoitoa ni seli T, askari walewale wanaotulinda na maradhi. Mwili una breki yake, protini ya osteoprotegerini, ambayo huinasa RANKL kabla haijawafikia wabomoaji. Sehemu ya breki hiyo hutengenezwa na seli B, nazo ni za kinga.

Seli T zenyewe hazifanani. Zipo za mapambano, Th17, zinazotoa kemikali ya IL-17 na kuchochea uvimbe. Zipo za kutuliza, ziitwazo Treg, zinazowazuia wabomoaji wasiongezeke. Estrojeni, homoni ya kike, husaidia kuzishikia mizani. Hedhi inapokoma estrojeni hushuka, za mapambano hupata nguvu, na mfupa huliwa kutoka ndani bila hata kuuma. Jaribio moja lililochapishwa mwaka 2000 lilionyesha kwamba panya wasio na seli T, walipotolewa ovari, ambazo ndizo hutengeneza estrojeni, hawakupoteza mfupa kama wenzao. Waliolirudia baadaye hawakupata jibu hilohilo, kwa hiyo silichukui kama neno la mwisho. Lakini kwamba kinga imo katika jambo hili, hilo halina ubishi tena.

Basi maziwa? Kalisiamu na vitamini D mwili unazihitaji, endelea nazo. Ila hata ungekunywa maziwa kila siku ya maisha yako, hayangezuia mizani hiyo kuinama.

Na wewe una la ziada: baridi yabisi. Uvimbe kwenye vidole vyako ni kinga hiyohiyo ikipigana pasipo adui, na kemikali zake hula mfupa ulio karibu na ulio mbali. Kisha kuna dawa yako ya prednisoloni. Inatuliza uvimbe, lakini ikitumika muda mrefu huwachosha wajenzi wa mfupa. Usiiache ghafla, ni hatari. Mwulize daktari kama dozi inaweza kupunguzwa polepole.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Umeniambia sindano ya mwezi ujao utairuka kwa kuwa mgongo umetulia. Shangazi, nakusihi usifanye hivyo. Sindano hiyo, denosumabu, ni kingamwili, yaani protini ya kinga iliyotengenezwa kama dawa, inayoinasa RANKL, kazi ileile ya osteoprotegerini. Marekani iliidhinisha dawa hiyo mwaka 2010, na huchomwa kila baada ya miezi 6 kwa sababu nguvu yake huisha. Ikiisha bila dawa nyingine kushika nafasi, wabomoaji waliozuiwa huamka kwa pamoja, na wapo wagonjwa waliovunjika pingili kadhaa za uti wa mgongo ndani ya miezi michache. Mgongo kutulia si dalili kwamba umepona. Kama umechoka na sindano, sema, daktari apange dawa ya kufuatia kabla hujaacha.

Siku hiyo nitafika mapema, twende wote. Vaa vile viatu vya kutumbukiza mguu tu, usiiname kufunga kamba.

Mwanao anayekupenda.