Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kutoka Gesi hadi Jotoardhi

Ndugu wanachama,

Wengi wetu tuliingia kwenye kazi ya mitetemo, yaani kuchunguza miamba ya chini kwa mawimbi ya mtikisiko, kupitia gesi. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, na tangu 2004 inazalisha umeme hapa Ubungo. Mwaka huu kamati yenu iliamua ujuzi huohuo tuuelekeze kwenye jotoardhi, na hakuna uamuzi ulionifurahisha zaidi.

Vijana wetu walifanya mazoezi Kigamboni. Walipanga jiofoni 24 (vifaa vya kunasa mtikisiko wa ardhi) kwenye mstari, wakalaza bamba la chuma chini na kupokezana nyundo. Pigo la kwanza halikutoa kitu: lori lilikuwa linapita, rekodi yote ikavurugika. Wakapiga palepale tena na tena, wakajumlisha rekodi. Kelele za magari zikafifia kwa kuwa hazina mpangilio, mwangwi wa tabaka za chini ukajitokeza. Binti mmoja, nyundo ingali mkononi, akauliza kama kelele zenyewe haziwezi kutumika. Zinaweza! Ukirekodi kwa wiki kadhaa mtikisiko wa magari na wa mawimbi ya bahari, unapata picha ya miamba bila kupiga nyundo. Ni njia nafuu, na ningependa tuijaribu kwenye chemchemi za maji moto za Luhoi, Rufiji, ambazo ziko karibu nasi kuliko maeneo ya jotoardhi ya Ngozi au Songwe, kule Nyanda za Juu Kusini.

Ila tusijidanganye: mitetemo haioni joto. Inaonyesha mipasuko yanamopita maji ya moto, na kwenye miamba ya volkano kama ya Ngozi mawimbi hutawanyika vibaya. Lazima iende pamoja na vipimo vya jinsi ardhi inavyopitisha umeme.

Suala la usalama nalisisitiza. Mwaka 2006 huko Basel, Uswisi, maji yaliyosukumwa kwenye miamba ili kuvuna joto yaliamsha tetemeko la ukubwa wa 3.4, na mradi ukafa. Vipima tetemeko vitangulie uchorongaji, na wanakijiji waelezwe mapema, kwa lugha yao.

Kuhusu kuzika hewa ukaa bado tunajisomea. Wanorwe wanafanya hivyo Sleipner, eneo la gesi katika Bahari ya Kaskazini, tangu 1996, na upimaji wa mitetemo wa kurudia ndio unaowaonyesha hewa hiyo imesambaa hadi wapi.

Hesabu atazisoma mhazini.

Kampuni moja tuliyoiomba rekodi zake za zamani haijajibu, na barua ya pili imeshakwenda. Mwanachama yeyote mwenye kanda za vipimo vya zamani kabatini, na anayeruhusiwa kuzitoa, amwone katibu tuzinakili kabla unyevu wa jiji hili haujazimaliza.