Kwa walimu wa gredi ya kwanza hadi ya tatu, Eastlands

Wanangu walimu,

Miaka ya themanini nilikuwa na kibao cha mti chenye kamba. Mtoto akisikika akiongea lugha ya kwao, anavalishwa shingoni, na hakivui mpaka amnase mwenzake. Jioni aliyebaki nacho anachapwa. Kijana mmoja aliyeletwa kutoka mashambani alinyamaza muhula mzima. Kwenye ripoti yake niliandika kwamba ni mzito wa kuelewa. Hakuwa mzito. Alikuwa anakiogopa kibao changu, na hilo linaniuma hadi leo.

Wala sikuwa na kisingizio. Tangu 1976 Ripoti ya Gachathi, ya kamati ya Serikali kuhusu elimu, ilikuwa imependekeza madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya mahali shule ilipo, Kiingereza kichukue nafasi darasa la nne. Nayo Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka Serikali ikuze na kulinda lugha za jamii zetu.

Najua mtaniuliza: Mwalimu, lugha ya mahali hapa Nairobi ni ipi? Darasa moja la Eastleigh lina Msomali, Mkamba, Mluo na Mkikuyu, na wote wakitoka nje wanapiga Sheng. Ni kweli. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha, kitumieni bila woga. Lakini lugha za nyumbani kwao msizifungie mlango.

Miaka yangu ya mwisho kazini nilijaribu hivi. Niliandika ubaoni maji, chini yake water, kisha nikauliza: kwenu mnaitaje? Mkikuyu akasema maaĩ, Mkamba manzi, Mluo pi, Msomali biyo. Msichana wa nyuma, ambaye hakuwa amewahi kuinua mkono, akasimama: "Mwalimu, maji, manzi na maaĩ ni ndugu!" Nilikaa chini. Somo hilo mimi sikuwa nimelipanga.

Wazazi wengine watalalamika kwamba Kiingereza kitachelewa. Waelezeni kwa upole: mtoto aliyekwisha kuelewa jambo kwa lugha yake hubakiwa na kutafuta jina lake kwa Kiingereza tu, asiyeelewa ana kazi mbili kwa mpigo.

Na majina yao, tafadhali. Mwombeni mama alitamke jina la mwanawe polepole, mlirudie mbele yake mpaka atikise kichwa kukubali. Msilikate ili liwe rahisi kwenu.

Yule kijana wangu sijui aliko. Mwenzake yuko darasani kwenu sasa hivi, kimya. Kesho muulizeni maji kwao yanaitwaje.

Wenu,
Mwalimu mstaafu, Nairobi