Risala ya Klabu ya Wanafunzi wa Sheria kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kumkumbuka Robert Wagner

Mheshimiwa Jaji, mgeni wetu rasmi, walimu wetu, wageni waalikwa na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kujumuika nasi.

Mheshimiwa mgeni rasmi, muhula huu tumemsoma Robert Wagner, jaji na seneta wa Marekani aliyetetea wafanyakazi. Alizaliwa Nastätten, Ujerumani, mwaka 1877, akahamia New York na wazazi wake akiwa bado mtoto mdogo. Mwaka 1900 alihitimu sheria, na haikupita miaka mingi akaingia Bunge la Jimbo.

Machi 25, 1911, kiwanda cha nguo cha Triangle kiliungua mjini New York. Walikufa watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji, na mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Wagner akawa mwenyekiti wa tume ya kuchunguza viwanda. Frances Perkins, aliyefanya kazi na tume hiyo, alisimulia jinsi Wagner alivyotakiwa apenye mwenyewe kwenye tundu dogo ukutani, hadi kwenye ngazi ya chuma iliyoganda barafu, iliyoishia futi 12 kabla ya kufika chini. Hiyo ndiyo iliyoitwa njia ya kuokokea moto. Tulipofika hapo, darasa zima tulinyamaza.

Mwaka 1919 alianza kazi ya ujaji. Zama hizo amri ya zuio, yaani amri ya mahakama ya kumkataza mtu kutenda jambo, ilikuwa silaha ya waajiri dhidi ya wagomaji. Mwaka 1922, katika kesi ya washonaji, Wagner aliitoa kwa faida ya chama cha wafanyakazi, kwa sababu waajiri ndio waliovunja mkataba. Kwetu sisi, hukumu hii inastahili kusomwa na kila anayejifunza sheria.

Aliingia Seneti ya Marekani mwaka 1927. Sheria ya 1935 inayolinda haki ya wafanyakazi kuunda vyama mpaka leo huitwa kwa jina lake. Lakini mwaka 1939 alipoomba watoto 20,000 wakimbizi waruhusiwe kuingia kutoka Ujerumani, nchi aliyotoka yeye akiwa mtoto, muswada haukupita. Hilo limetuuma sana.

Mheshimiwa, tuna ombi moja. Tunajua vifungu, ila viwandani hatujakanyaga. Tunakuomba utusemee kwa wakaguzi wa mahali pa kazi, ili wakati wa likizo tufuatane nao, tukaone milango hiyo kwa macho yetu.

Baada ya kusema hayo, tunakukaribisha uzungumze nasi.

Ahsante.