Baba, njoo na kile kitabu

Minneapolis, 9 Februari 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama nilimwamkia jana kwenye simu, lakini mfikishie tena. Sisi huku wazima. Maziwa yameganda, watu wanatembea juu yake kama uwanjani.

Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu utanikatiza kabla sijamaliza. Mama amenidokeza kwamba unaona wiki tatu za mwezi wa sita ni nyingi, eti utashinda ndani ukitazama televisheni mpaka mgongo uume. Hutakaa ndani, Baba. Nimeomba likizo ya siku 16. Nataka twende kwa gari, mimi na wewe, kutoka hapa mpaka bahari ya Pasifiki, tukisimama kwenye maduka ya vitabu. Si yale ya makampuni yenye matawi kila mji. Ni maduka ya watu binafsi, ambayo unamkuta mwenyewe yuko kaunta na vitabu vyake amevisoma.

Swali lako la kwanza nalijua. Ni kilomita kama 4,800: Dar hadi Lusaka kwenda na kurudi, na bado zinabaki za kukufikisha Moshi. Gari ni hii hii Corolla yangu. Tairi nitabadilisha zote nne mwezi wa tano, maana sijasahau ulivyokuwa ukizigonga kwa rungu kabla hatujaondoka, hata kama tunaishia Himo. Huku tunapita kulia, vibao vimeandikwa maili, mafuta yanapimwa kwa galoni, kama lita 3.8. Siku mbili za kwanza mguu wako utakuwa unatafuta breki upande wa abiria. Utazoea.

Tutaanzia hapa mjini, Birchbark Books, duka alilolifungua mwandishi Louise Erdrich mwaka 2001. Yeye ana asili ya Waojibwe, wenyeji wa nchi hii kabla ya wazungu, na rafu zake zimejaa vitabu vya wenyeji na lugha zao. Ndani kuna kibanda cha kitubio, cha mbao, chenye nakshi, kama kile cha kanisani, kimekaa katikati ya vitabu. Siku ya kwanza nilipokiona nilisimama kimya kama niko Kibosho nasubiri zamu yangu.

Kesho yake ni Iowa City, mji mdogo ambao chuo kikuu chake kina programu ya uandishi tangu 1936, na UNESCO waliutangaza Jiji la Fasihi mwaka 2008. Duka linaitwa Prairie Lights, lipo tangu 1978. Kisha Nebraska: mahindi, Baba, siku nzima mahindi.

Denver nilikuwa nimeipa siku nzima kwa ajili ya Tattered Cover, duka la tangu 1971. Mwaka 2023 lilizidiwa na madeni mpaka likaomba ulinzi wa mahakama, na mwaka uliofuata likanunuliwa na Barnes & Noble, yaani wale wale wenye matawi kila mahali. Roho iliniuma kana kwamba ni duka la mjomba. Sijalifuta kwenye ramani. Nataka tulione wakati watu wa Denver bado wanaliita lao.

Kutoka hapo kwenda Salt Lake City tutapita Wyoming, barabara ya I-80, na hapo ndipo nilipobadilisha tarehe. Huku maduka haya yana sikukuu yao, Jumamosi ya mwisho ya Aprili, na nilitamani tuwe njiani siku hiyo. Lakini Aprili theluji Wyoming haijaisha, na upepo wa karibu na Elk Mountain unaangusha malori. Barabara ikichafuka wanashusha mageti, madereva wanalala Laramie au Rawlins kusubiri ifunguliwe. Nilikumbuka usiku ule ulioturudia na lori kutoka mteremko wa Kitonga, ukakaa sebuleni bila kuvua viatu na hukutaka hata chai. Basi sikukuu yao itatupita. Tutaondoka Juni.

Salt Lake City kuna The King's English, la tangu 1977, lenye vyumba vidogo vidogo. Hapo tutapumzisha mgongo wako siku mbili.

Portland ndiko ninakokutamania zaidi. Walter Powell alikuwa mkandarasi wa kupaka rangi, amestaafu. Mwanawe alikuwa na duka la vitabu Chicago. Mzee akaenda kumsaidia kiangazi kimoja, kazi ikamwingia, akarudi Portland akafungua duka lake mwaka 1971. Baadaye mtoto ndiye aliyemfuata baba. Leo Powell's inakula kipande kizima cha mji, kutoka barabara hii hadi ile, vyumba vinaitwa kwa rangi zake, na watu wanatembea na ramani mkononi. Kitabu kipya na cha mtumba vinakaa rafu moja, bega kwa bega.

San Francisco tutaingia City Lights, la tangu 1953, halafu tuvuke daraja kwenda Oakland, kwenye Marcus Books. Mume na mke, Julian na Raye Richardson, walilianzisha mwaka 1960 na kulipa jina la Marcus Garvey. Ndilo duka kongwe kuliko yote ya vitabu yanayomilikiwa na watu weusi Marekani. Mama ameshaagiza picha yako mbele ya mlango ule, umevaa koti.

Sasa sababu yenyewe. Unakumbuka kile kitabu ulichoninunulia Dar, kwa wale wanaotandaza vitabu chini pale Samora? Ulikipata kwa bei ya chini kwa kuwa hakikuwa na jalada. Ulikileta chini ya kiti cha lori, umekifunga kwenye gazeti, kinanuka dizeli. Kinaanzia ukurasa wa 7 na kinakatika wa 212, pale mlango unapofunguliwa na yule mvulana wa njiwa anageuka kutazama. Nililia. Ukaniahidi kunitafutia kizima, na kila ulipotoka safari ulianza na maneno, "Bado sijakipata, mama." Uliuliza mpaka Lusaka. Utauliza vipi kitabu usichokijua jina?

Intaneti nayo inataka jina. Lakini mwaka jana, kwenye duka dogo la mtaani kwetu, mama mmoja alimwambia muuzaji kuwa anatafuta hadithi aliyosoma utotoni, ina mbwa na mnara, basi. Muuzaji akafumba macho kidogo, akauliza mbwa alikuwa wa rangi gani, akapanda ngazi, akashuka nacho. Watu wa namna hiyo ndio tunaowafuata, Baba, na nataka uwe umesimama pale wakati wanafungua kurasa zetu.

Kwa hiyo njoo nacho. Kiko kwenye kabati la vyombo, droo ya chini, chini ya vitambaa vya Pasaka, Mama anajua. Kifunge kwenye gazeti kama siku ile, na ukiweke kwenye begi la mkononi, usikipakie na mizigo.

Mwanao wa pili